Presha ya mimba: maneno mbele ya mkutano wa wanachama



Kifafa cha mimba wengi bado wanasema ni kulogwa. Hapana. Ni presha, kama tulivyozoea kuiita kambini Tanzania. Waliobaki huku wanasema tansio. Inapanda baada ya wiki 20 za mimba. Ikifika 160 kwa 110 ni kali: inaharibu figo na ini, inaweza kupasua mshipa kichwani. Mtoto naye, damu haimfikii vizuri. Anabaki mdogo, ao anafia tumboni.

Sindano ya manyesiamu salfeti ipo. Utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini ugonjwa wenyewe unaanza kuisha mtoto akitoka, hata akiwa wa miezi 7, na huyo anahitaji joto na hewa ya chupa.

Kwa hiyo makuta ya pikipiki katika sanduku letu hayatoshi. Tunaomba kipimo cha presha kwenye kila kituo tunapopima mimba. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, tumbo likiuma chini ya mbavu, tusingoje asubuhi. Na mama akishazaa apimwe tena: kifafa kinakamata hata siku zile za kwanza.