Kusahihisha Mwongozo ni Uhandisi



Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta. Kila ukurasa ulieleza amri au huduma moja ya mfumo: jina lake, namna ya kuiita na kazi yake. Pale palipohitajika, iliwekwa pia sehemu ya kasoro zinazojulikana. Sehemu hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu leo.

Tuutazame ukurasa wa time, huduma inayoiambia programu ni saa ngapi. Wakati ule Unix ilihesabu muda tangu mwanzo wa 1971 kwa vipande 60 katika kila sekunde, na hesabu ikatunzwa katika biti 32. Biti hizo hujaa baada ya siku 829 hivi. Waandishi hawakuficha: chini ya kasoro walionya kwamba kila miaka 2.26 balaa halikwepeki. Baadaye mfumo ukaanza kuhesabu sekunde nzima tangu 1 Januari 1970, na ukurasa ukaandikwa upya. Lau mfumo ungebadilishwa na ukurasa ukaachwa ulivyo, msomaji aliyeuamini angeendelea kugawanya kwa 60, na saa nzima angeihesabu kuwa dakika moja. Mfumo ungekuwa sahihi, lakini programu yake ingeharibika kwa sababu ya maandishi.

Basi mwongozo na programu vikipingana, tumwamini nani? Wakati mwingine programu imekiuka ahadi yake. Hapo irekebishwe programu. Wakati mwingine programu inafanya inavyostahili na wengi wameshaitegemea. Hapo yasahihishwe maandishi. Na zipo kasoro zisizoondoka kwa urahisi, ambazo wajibu wetu ni kuzitangaza.

Mfano wa hizo za mwisho ni gets, kitendaji cha lugha ya C kinachosoma mstari bila kujua nafasi iliyotengwa kuupokea. Novemba 1988, mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, ulitumia upenyo huo katika programu ya finger kuingia kwenye kompyuta za Unix. Huwezi kukitibu kitendaji hicho bila kubadilisha namna kinavyoitwa, na kukibadilisha ni kuvunja programu zilizokwisha kuandikwa. Mwongozo wa Linux ukaamua kusema wazi: kisitumike kamwe. Mwaka 2011 kikaondolewa katika kiwango rasmi cha C.

Kuamua kosa liko upande gani kunadai kusoma msimbo, kuujaribu, kuchimbua historia yake na kujua nani anautegemea. Huo ni utafiti kamili. Watengenezaji wa OpenBSD, mradi wa mfumo endeshi wa jamii ya Unix ulioanza 1995, wanalielewa hilo: kwao kosa la mwongozo ni hitilafu kama hitilafu nyingine, na anayebadilisha utendaji wa programu anatarajiwa kurekebisha na ukurasa wake. Kila ukurasa hubeba tarehe ya badiliko lake la mwisho, ili msomaji ajue anaamini maneno ya lini.

Vyuoni mwetu bado tunaiona kazi hii kuwa ya karani. Mwanafunzi akiandika programu mpya tunampongeza. Akigundua kwamba sentensi moja ya mwongozo inapotosha, hana pa kuipeleka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: sentensi hiyo itanakiliwa katika mafunzo, itaingia katika programu za watu, na atakayeumia hatajua chanzo.

Napendekeza kila mwanafunzi wa somo la mifumo endeshi achague ukurasa mmoja, aijaribu kila sentensi yake kwenye mashine, aandike inapokosea, kisha awapelekee wanaoutunza marekebisho pamoja na ushahidi. Na alama za kazi hiyo zilingane na zile za kuandika programu.