Mgeni wa Zabibu Alale Wapi?



Mtu akikuambia kwamba anakwenda Dodoma, aghalabu utamwuliza, "Una kikao gani?" Tumezoea hivyo. Tangu ulipopitishwa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, Dodoma kwetu sisi wa Dar es Salaam ni mji wa mafaili, vikao na posho. Tunasahau kwamba ni nchi ya zabibu.

Sasa limezuka kundi jingine la wasafiri. Treni ya umeme ilianza kupeleka abiria Dodoma mwezi Julai mwaka 2024, na safari iliyokuwa ikimaliza mchana kutwa ndani ya basi sasa huchukua kama saa tatu na nusu hivi kwa treni ya haraka. Basi vijana wa maofisini, na hata watu wazima na wake zao, wananiuliza: "Mzee, tunataka kwenda kuona mizabibu na kuonja mvinyo hukohuko unakotengenezwa. Tulale wapi?"

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Mahali utakapolaza kichwa ndipo panapoamua utaona nini, utarudi salama au la, na fedha yako itaingia mfukoni mwa nani.

Tuanze na ramani. Anayesema "nataka hoteli iliyo karibu na mashamba ya zabibu" hajui mashamba hayo yalivyotawanyika. Bihawana, kwenye misheni ya Wakatoliki inayotajwa sana katika habari za mwanzo wa zabibu za Dodoma, iko barabara ya Iringa. Mpunguzi iko upande huohuo. Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu na mashamba ya Jeshi la Kujenga Taifa, iko kaskazini, barabara ya Arusha. Hombolo iko kaskazini mashariki, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka mjini. Chinangali iko wilaya ya Chamwino, upande wa barabara ya kuja Dar es Salaam. Hakuna kitanda kilicho karibu na kote huko. Kwa hiyo chagua kwanza upande unaotaka kuuona, kisha ndipo utafute chumba upande huo wa mji. Anayetaka kuona pande zote kwa siku mbili ataona vumbi zaidi kuliko zabibu.

La pili ni kalenda. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma haupati baridi ya kuulaza, na mkulima akiupogoa vizuri huvuna mara mbili: kwenye mwezi wa Machi, na tena kwenye Agosti na Septemba. Hiyo ndiyo miezi ya kwenda. Lakini Dodoma ina mavuno mengine, nayo ni ya waheshimiwa. Bunge likikaa, vyumba hujaa na bei hupanda. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na mara nyingi kuna mkutano mwingine mwezi Septemba, yaani katikati ya mavuno. Nilipata kuwaona vijana wanne waliofika wakati wa kikao bila kuweka nafasi. Walizunguka na mabegi gesti hata gesti, na usiku wakagawana chumba kimoja kwa bei ya viwili. Uliza kwanza Bunge linakaa lini.

Sasa tuje kwenye malazi yenyewe. Ziko hoteli za katikati ya mji, karibu na reli na maofisi. Faida yake ni usafiri rahisi na chakula cha uhakika. Hasara yake ni kwamba zimejengwa kwa ajili ya mtu wa kikao. Jioni moja, katika hoteli ambayo sitaitaja, niliomba orodha ya mvinyo. Nikaletewa chupa za ng'ambo ukurasa mzima. Nilipouliza wa Dodoma, kijana alicheka kwa adabu akasema, "Huo wageni huwa hawauulizi, mzee." Mashamba yako nusu saa kutoka pale alipokuwa amesimama. Kwa hiyo unapopiga simu kuweka nafasi, uliza: mnauza mvinyo wa hapa? Wakiulizwa na watu kumi, wa kumi na moja ataukuta mezani.

Ziko gesti za mitaani, Area C, Area D, Kisasa na kwingineko. Nyingi ni safi na bei yake inabebeka. Lakini Dodoma ni nchi kame, mvua yake ni ya miezi michache, na maji ya visima vingi yana chumvi. Kabla ya kulipa fungua bomba, ulizia tangi, tazama chandarua. Mwenye nyumba mwaminifu hatakasirika.

Ziko pia hosteli za mashirika ya dini, tulivu na za bei nafuu. Hapo uwe na adabu ya mgeni. Baadhi haziruhusu kilevi ndani ya uzio. Usiende kuficha chupa chini ya kitanda. Kama safari yako ni ya mvinyo, lala kwingine. Kama ni ya zabibu tu, hosteli inakufaa sana. Na hapa nawakumbusha wasikilizaji wasiotumia kilevi kwamba safari hii ni yenu pia. Zabibu mbichi iliyokatwa asubuhi haifanani na ile inayotufikia Kariakoo imechoka.

Jambo la tatu ni gari. Mvinyo una ujanja wake: unaonja kidogo hapa, kidogo pale, na kwa kuwa kila glasi ni ndogo, unajiona mzima. Barabara kuu zinazotoka Dodoma zina malori usiku na mchana. Bodaboda nayo haimfai mtu aliyetoka kuonja. Ukilala mjini na mashamba yako kilomita 40, swali la nani atashika usukani lijibiwe kabla ya kufungua chupa ya kwanza. Kodini teksi ya siku nzima, patana bei mapema, na dereva apewe soda na chakula. Gharama hiyo ihesabuni pamoja na ya chumba. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba kitanda cha bei ya chini upande usio wake kinaweza kuwa ghali kuliko kile alichokikataa.

Na sasa nafika kwenye lile linalonikera. Katika malazi yote niliyoyataja, liko moja ambalo karibu halipo: chumba kijijini, kando ya shamba. Mgeni wa zabibu hulala mjini, hula mjini, hununua chupa mjini, hurudi zake. Mkulima wa Mpunguzi au wa Hombolo hamwoni. Na mkulima huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Zabibu ikishaiva haina subira. Mnunuzi akichelewa, inaoza au inaliwa na ndege huku mwenyewe akitazama. Wako waliojifunza kuikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda, lakini huko nako bei hupangwa na mwenye matangi. Mtu wa namna hiyo, chumba kimoja cha mgeni kingempa fedha ambayo haiozi.

Wenzetu wa Afrika Kusini walikwisha kuliona hilo. Ukienda Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka 1679, au Franschhoek jirani yake, utakuta mashamba mengi yana vyumba vya wageni. Franschhoek tangu mwaka 2012 kuna hata usafiri wa tramu na mabasi unaowapitisha wageni shamba kwa shamba, asiendeshe mtu aliyeonja. Tuige hayo. Lakini tusiige yote. Huko Rasi, kwa vizazi vingi, vibarua wa mashambani walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na madhara yake yanaonekana mpaka leo katika watoto wanaozaliwa. Vyumba vizuri vya mgeni havikumfuta machozi kibarua. Kwetu, ambako wakulima wengi wa zabibu ni wadogo na shamba ni lao, tunayo nafasi ya kuanza vizuri zaidi.

Wala sisemi zijengwe ghorofa. Nasema vyumba viwili safi, choo kizuri, maji ya kuoga, chandarua na taa. Asubuhi mgeni aamshwe aende kuvuna na wenyeji, mchana ale ugali wa uwele na mlenda. Vyama vya ushirika vya wakulima vinaweza kuanza kwa nyumba tano. Halmashauri iwasaidie kwa mafunzo na vibali, isitangulize ushuru. Na wenye viwanda watenge siku zinazojulikana za kupokea wageni, maana leo usipopiga simu mapema unaweza kuishia getini.

Mpaka hayo yatakapotimia, lala mjini, lakini siku yako itumie kijijini. Bisha hodi ofisi ya serikali ya kijiji, mpate mwenyeji wa kuwatembeza, naye mmlipe. Mama mmoja awapikie chakula cha mchana. Ndoo ya zabibu nunua kwa aliyeilima, na usimkandamize bei kwa sababu umemkuta hana mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujatuma fedha ya chumba, jiulize: Bunge linakaa? Nakwenda mashamba ya upande gani? Nani ataendesha tukirudi? Na fedha hii, mwenye mzabibu ataiona? Ukiyajibu hayo yote, kupata kitanda hakutakusumbua.