Msamaha na Haki: Neno la Katibu wa Kwaya



Leo tunapoadhimisha yubilei ya miaka 25, tumeona vyema tukumbuke neno hili lilitoka wapi. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, baragumu la yubilei lilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ambayo Waisraeli waliondolewa dhambi zao. Mwaka huo shamba lililouzwa lilirudi kwa wenyewe, na aliyejiuza kwa umaskini akarudi kwa jamaa zake. Msamaha na haki vilitangazwa kwa baragumu moja.

Sisi tulijifunza hili kwa uchungu. Waimbaji wa zamani mnakumbuka jinsi pesa za kurekodi kanda yetu ya kwanza zilivyotumiwa na mwenzetu tuliyemwamini. Alipotubu mbele yetu akilia, wengi tulisema papo hapo, "Tumesamehe, yaishe." Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili, aliyeuza sukuma wiki kupata mchango wake, akauliza kwa upole, "Mnasamehe pesa za nani?"

Tulinyamaza. Tuliotoa bila kuumia ndio tuliokuwa wepesi wa kusamehe. Tulitaka amani ya haraka, na mzigo wake tukamtwika yeye.

Tulikaa tena. Hatukumpeleka ndugu yetu kwa chifu wala hatukumtoa kwaya. Tulikubaliana arudishe kidogo kidogo kila mwezi, akianza na wenye shida zaidi, na asishike tena pesa za kwaya. Alilipa mpaka shilingi ya mwisho. Siku aliyomaliza, mama yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono. Wote wawili wangali wanaimba nasi, na tunasimulia haya kwa ruhusa yao.

Yesu hakungoja Zakayo alipe ndipo aingie kwake. Aliingia kwanza, kisha Zakayo mwenyewe akasimama akaahidi kurudisha mara nne. Msamaha hautungoji tulipe, lakini ukishaingia nyumbani, mkono uliokuwa umeshika cha mwenzako hufunguka.

Basi tunapoanza miaka mingine 25, tusiuimbe msamaha tu. Kama kuna mpaka wa shamba tuliousogeza, tuurudishe. Kama kuna aliyetuomba radhi, tumpokee.

Mungu awabariki nyote.

Katibu wa Kwaya