Somo Kutoka Lindi: Heshima ya Mtu Haimo Katika Ngozi

Hotuba ya mgeni mwalikwa katika sherehe ya kumbukumbu ya hekalu, Mtwara



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Sina zawadi ya kuwaletea katika sikukuu yenu ila deni moja na kisa kimoja. Nitaanza na deni, maana ni langu.

Miaka mingi iliyopita nilimfundisha mtoto mwenye ualbino. Kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wenzake, nilimketisha safu ya nyuma. Alinakili kidogo na kukosea sana, nami nikaandika katika ripoti yake kwamba ni mvivu. Ilipita mihula miwili kabla sijamwona ameinamia daftari la jirani yake hata pua ikakaribia kugusa karatasi. Ndipo nilipofahamu kwamba ubao hakuuona kamwe. Nilimhamishia mbele siku ileile, lakini muhula uliofuata hakurudi shuleni. Sikumchukia mtoto yule, sikumuuliza tu. Tangu hapo nimejua kwamba mtu aweza kudhulumiwa na watu wema.

Sasa kisa. Tarehe 31 Oktoba 2010, korosho zikiwa zinaokotwa mashambani, wananchi wa Lindi Mjini, majirani zetu wa kilomita mia moja na kitu kutoka hapa, walimchagua Bwana Salum Khalfan Barwany wa Chama cha Wananchi kuwa mbunge wao. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia Bunge la Tanzania kwa kura za jimbo. Miaka miwili kabla yake, Rais Jakaya Kikwete alikuwa amemteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, naye akawa ndiye aliyefungua mlango. Lakini uteuzi ni uamuzi wa mtu mmoja. Katika uchaguzi, maelfu ya watu huingia kila mmoja peke yake kwenye kituturi, pasipo anayemwona wala wa kumsifu, na kuweka alama palipo na imani yake.

Ili tupime uzito wa jambo hilo, tukumbuke miaka ile ilivyokuwa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga wa ramli waliwaaminisha wateja wao kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mtoto wa kiume. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Na sisi wa pwani tusijione tumetakasika. Nani kati yetu hakuambiwa utotoni kwamba watu hawa hawafi bali hupotea tu? Anayesemwa kuwa hafi amekwisha kuondolewa katika hesabu ya watu. Tuliwaita zeruzeru kwa fikra hiyohiyo.

Katika wakati kama huo, Bwana Barwany alisimama majukwaani kwa sura yake mwenyewe kuomba kazi ya kuwasemea wengine, na Lindi ikampa. Bungeni alidai ulinzi kwa wenzake, na kuwapo kwake katika kiti kile kulikuwa hoja tosha. Mwaka 2015 wapiga kura walimpa kiti mtu mwingine. Hata hilo nalihesabu kuwa ushindi, kwa maana alishindwa kama anavyoshindwa mwanasiasa yeyote. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri.

Ninyi wenyeji wetu mnacho kisa cha kale cha Ashtavakra, mwenye hekima aliyezaliwa na mwili uliopinda mahali panane. Husimuliwa kwamba alipoingia barazani kwa Mfalme Janaka, wasomi walimcheka. Naye akawajibu kwamba alidhani amekuja kwa wenye hekima, kumbe amekuja kwa wachuuzi wa ngozi, wasiojua kupima kingine. Mfalme akawa mwanafunzi wake. Nadhani wapiga kura wa Lindi wangekielewa kisa hiki bila kufasiriwa.

Ndugu zangu, ualbino si laana wala si kosa la mama. Ni urithi unaotoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe waweza kuwa na ngozi nyeusi tititi. Mwili hukosa rangi inayokinga ngozi na kusaidia macho, kwa hiyo jua la kusini, linaloanika chumvi yetu na korosho zetu, humchoma mtu huyu hadi kumletea saratani. Jambia limewaua baadhi yao na dunia ikasikia. Jua linaendelea kuwaua wengi kimyakimya.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Wenye maduka, wekeni kofia za ukingo mpana na mafuta ya kukinga jua kwa bei ambayo mama wa kijijini ataimudu. Walimu, muulizeni mtoto anachokiona kabla hamjamwandikia asichokiweza. Na wenye maghala, viwanda na ofisi, kumbukeni kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kubangua korosho, kutunza hesabu na kupokea wageni ni kazi za kivulini. Msisubiri mkaguzi aje kuwahesabia.

Hekalu hili limeadhimisha miaka yake kwa sababu kizazi baada ya kizazi kuna mtu aliyewasha taa na kufagia ua. Wema nao hudumu kwa namna hiyo, kwa kazi ndogo isiyoachwa. Deni langu kwa mtoto yule siwezi kumlipa yeye, maana sijui alikokwenda. Nimekuja kulilipa kwenu, nanyi mlilipe kwa atakayekuja mlangoni penu kesho.

Mungu awabariki, na azidishe miaka ya nyumba hii.