Kijana Anayesahau Kula Mchana

Leo nazungumza na wazazi na walezi wenye vijana wa sekondari: wa Mbagala, Tandika na Chamazi upande wa Temeke, wa Tandale, Mwananyamala na Bunju kule Kinondoni, na popote pengine unaponisikia.

Tuseme kuna binti wa kidato cha pili. Asubuhi katoka nyumbani bila chai, maana alihangaika kutafuta soksi na daftari mpaka muda ukaisha. Kituoni daladala mbili zimempita, kwa kuwa konda hataki abiria wa nauli ya mwanafunzi. Mapumziko yalipofika, wenzake wamekwenda kwa mama wa mihogo ya kukaanga na kachumbari, yeye kabaki akichora nyuma ya daftari hadi kengele ikagongwa. Saa tano usiku, nyumba nzima imelala, anafunua beseni la maandazi ambayo mama yake ameyakaanga ili akayauze alfajiri. La kwanza analila amesimama. Tumbo linaanza kuuma, na bado mkono unarudi kwenye beseni. Asubuhi mama anahesabu, mtaji haupo. Mtoto anaitwa mlafi, kisha anaitwa mwizi.

Mama huyo ana haki ya kuumia, kwa sababu yale maandazi ndiyo unga wa kesho. Ninachomwomba ni kwamba kabla hajashika fimbo, aitazame siku ya huyo mtoto tangu ilipoanza.

Kuna hali ya ubongo ambayo madaktari wanaiita ADHD. Mtoto mwenye hali hii hushindwa kuweka umakini mahali pamoja, au hushindwa kutulia, au hutenda kabla ya kufikiri. Wengine wana yote matatu. Inakadiriwa kwamba katika kila watoto 100 duniani, kama 5 wanayo. Wavulana hugundulika mapema kwa sababu fujo zao zinaonekana. Msichana aliyekaa kimya dawati la nyuma, mawazo yako mbali, anaambiwa ni mvivu na anamaliza shule hakuna aliyejua.

Na hapa ndipo chakula kinapoingia. Ubongo huo hausikii njaa kwa wakati. Mchana, akili ikiwa imezama kwenye jambo jingine, tumbo linaita na haliitikiwi. Usiku mwili unadai chakula cha siku nzima kwa mkupuo, tena saa ambayo uwezo wa kujizuia umechoka kuliko saa zote. Ongeza na hili: ubongo wa ADHD unatafuta raha ya haraka, na sukari na mafuta huitoa upesi. Kijana aliyefokewa darasani na nyumbani anakuta kitu kimoja kinachomtuliza, nacho ni kula. Kisha aibu inamjia. Wapo wanaoanza kujinyima kesho yake, wapo wanaojitapisha, na ile njaa ya kujinyima inarudi usiku kwa nguvu zaidi.

Mwaka 2007 Joseph Biederman na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasichana kwa miaka 5. Wenye ADHD walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa ulaji mara 3.6 kuliko wenzao. Na asitokee mtu kusema hayo ni maradhi ya Wazungu. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake wa hapa Tanzania, nao ulikuta dalili za matatizo ya ulaji zipo, zikihusiana na kufuatilia vyombo vya habari vya Magharibi. Wakati huo simu janja hazikuwa mikononi mwa watoto wetu. Leo binti wa Mbagala anashinda akitazama miili ya watu wasiojulikana, huku nyumbani shangazi akimwita kibonge mbele ya wageni.

Lakini tusikimbilie kumpa kila mtoto jina la ugonjwa. Mtoto mwenye njaa hatulii. Aliyeamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala hana umakini saa saba mchana. Mwenye upungufu wa damu anasinzia. Daktari anayepima ADHD huuliza kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu angalau miezi 6, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Kwa watoto wetu mimi ningependa lianze swali jingine kabisa: leo umekula nini, na saa ngapi?

Dawa za ADHD nazo zina mambo yake. Nyingi hupunguza hamu ya kula mchana, na zikiisha nguvu jioni njaa inarudi kwa kishindo. Kwa hiyo mtoto anayezitumia apewe uji au chai nzito kabla ya kumeza, na chakula cha jioni kisicheleweshwe. Mwezi wa Ramadhani, kijana anayetibiwa ugonjwa wa ulaji asifunge kabla mzazi hajaongea na daktari na sheikh wake.

Nyumbani, anza na saa. Chai kabla ya kutoka, hata kama ni kiporo cha wali. Kitu cha kula ndani ya begi, kwa sababu kijana huyu hatakumbuka kwenda kununua. Mwalimu wa darasa aombwe amkumbushe wakati wa mapumziko. Kumnyima chakula cha jioni kama adhabu ya maandazi ya jana ni kumwandalia ulaji mwingine wa usiku. Na maneno juu ya mwili wake yakome, ya kejeli na hata ya sifa.

Ukiona anakula kwa kujificha, anajitapisha, anakonda haraka au anazimia, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu: Temeke au Mwananyamala. Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, unapiga bure. Ukifika kwa daktari, mweleze yote mawili kwa pamoja, ya darasani na ya jikoni, maana ukitaja unene peke yake utarudi na ushauri wa kumpunguzia chakula.