Jina la Msichana, Jina la Mungu: Wanawake na Ibada Kericho na Bomet katika Zama za Kati

Mvua iliadimika, mito ikakauka, ng'ombe wakaanza kufa. Wazee wakakaa, wakakata shauri kwamba apelekwe msichana kwa Ilat, mwenye radi na mvua, ili nchi ipone. Msichana aliyechaguliwa aliitwa Cheptalel. Hadithi hii inasimuliwa na Wakipsigis na Wanandi, na wasimulizi wengi humtaja pia kijana aliyempenda, aliyemfuata kwa siri ili amwokoe. Kwa mada hii, lililo kubwa zaidi ni jambo lililofuata baada ya hadithi. Cheptalel ni mojawapo ya majina ambayo Wakipsigis walimwitia Mungu.

Mtu yeyote aliyekulia Litein, Sotik au Longisa anaijua maana ya kiambishi kinachoanza jina hilo. Kip- ni cha wanaume na Chep- ni cha wanawake: Kipkoech na Chepkoech wote wamezaliwa alfajiri, mmoja mvulana, mwingine msichana. Asis, Mungu wa Wakipsigis, ambaye jina lake ni lile lile la jua, aliombwa pia kama Cheptalel na kama Chebonamuni, majina yenye sura ya kike. Kiambishi peke yake hakitoshi kuthibitisha kwamba wahenga walimwona Mungu kuwa mwanamke, na mwanaisimu makini angeonya dhidi ya kukimbilia hapo. Hata hivyo, jamii iliyoelekeza uso wake mashariki kila asubuhi na kutamka majina ya namna hiyo ina la kueleza kuhusu nafasi ya mwanamke katika ibada.

Kwa kawaida, somo la wanawake na dini katika Zama za Kati, yaani takriban kati ya mwaka 500 na mwaka 1500, hufundishwa kana kwamba lilifanyika Ulaya na Mashariki ya Kati tu. Mwanafunzi wa Kericho husoma habari za watawa, za malkia, za vita vya msalaba. Afrika Mashariki ikitajwa, hutajwa pwani, na kwa sababu nzuri: huko kuna mawe na maandishi. Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wakiongozwa na Mark Horton walikuta mabaki ya misikiti iliyoanza karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka wa 500 wa Hijria, sawa na 1107. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa, akasifu uchaji wa watu wa Mombasa na misikiti yao ya mbao, akamweleza kwa kirefu sultani wa Kilwa na ukarimu wake.

Katika kurasa zile za Mombasa na Kilwa hakuna jina la mwanamke hata mmoja. Msafiri huyo huyo, alipofika Maldivi zaidi ya miaka kumi baadaye na kufanywa kadhi, alimkuta Sultani Khadija akitawala, naye akaandika waziwazi kwamba amri zake kuhusu mavazi ya wanawake hazikufuatwa. Kwa hiyo aliweza kuwaona wanawake pale walipokalia kiti cha enzi au walipompinga. Wa Mombasa hakuwaona, ingawa mapokeo ya Mombasa yenyewe yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa kale wa mji, kabla ya Shehe Mvita. Yemen, ng'ambo ya bahari, Malkia Arwa wa ukoo wa Sulayhi alitawala hadi alipofariki mwaka 1138, na jina lake likitajwa katika hotuba ya Ijumaa. Ikiwa bandari zenye wasomaji na waandishi zilipoteza majina ya wanawake kiasi hicho, basi itakuwaje kwa nyanda za juu ambako hakuna aliyeshika kalamu?

Mada hii inashikilia kwamba ushahidi upo, ila umewekwa mahali pengine. Umo ardhini, umo katika maneno, na umo katika kazi ambazo wanawake waliendelea kuzifanya kwa mikono yao.

Tuanze na ardhi. Wakazi wengi wa nyanda za magharibi ya Bonde la Ufa wanayafahamu mashimo mapana kama bakuli yaliyo kwenye miteremko, yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Masimulizi ya Wakalenjin husema yalichimbwa na watu waliowatangulia. Wakoloni walibuni mengi juu yake, hadi wanaakiolojia walipochimba kwa utaratibu: Mary Leakey pale Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937 na 1938, Merrick Posnansky pale Lanet mwaka 1957, na John Sutton aliyezunguka nyanda zote za magharibi miaka ya 1960, akachimba pia Chemagel karibu na Sotik. Sutton alionyesha kwamba mashimo yale yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyozamishwa ardhini, na kwamba utamaduni huo ulistawi kuanzia karne ya 12 hivi hadi karne ya 17 au 18. Hizi ni Zama za Kati za Bomet, zilizochimbwa katika udongo wa Bomet.

Ramani ya boma lenye zizi la namna hiyo inafaa kutazamwa polepole. Nyumba haikuwa ndani ya shimo. Ilishikamana nalo ubavuni, na mlango wake ulifungukia zizini. Aliyetaka kufika jikoni alipita kwanza katikati ya mifugo. Mifupa iliyopatikana ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na vigae vya vyungu vina nakshi iliyokandamizwa kwa kamba iliyosokotwa. Maisha yale yalitegemea maziwa. Baadaye, wakati mila za Wakipsigis zilipoanza kuandikwa, maziwa yalikuwa mikononi mwa wanawake: wao ndio waliosafisha kibuyu, sotet, wakakipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet na kugandisha maziwa ya mursik. Maziwa hayo hayakuwa chakula tu. Yalinyunyizwa kwa baraka, yakamwagwa kwa ajili ya waliokufa, yakatangulia kila maombi ya amani. Mila iliyoandikwa na mwanaanthropolojia Peristiany mwaka 1939 haiwezi kusukumwa nyuma hadi mwaka 1300 bila tahadhari. Lakini nyumba iliyoshikana na zizi, chakula kikuu kikiwa maziwa, inaonyesha kwamba kiini cha maisha na kiini cha ibada vilikuwa hatua chache kutoka mahali mama alipoketi.

Maneno nayo yana ushahidi wake. Mwanahistoria Christopher Ehret, katika utafiti wake wa historia ya Waniloti wa Kusini uliochapishwa mwaka 1971, alilinganisha lugha za Kikalenjin na zile za Wakushi wa Kusini waliowahi kuishi katika nyanda hizi. Anasema kwamba fikra ya kumhusisha Mungu na jua ilitokana na kukutana huko. Watu wa lugha mbili hawapeani neno la ibada sokoni tu. Hulipeana wanapooana, na mtoto hulisikia kwanza kwa aliyembeba mgongoni. Mwandishi wa mada hii anaamini, kwa sababu hiyo, kwamba akina mama walioolewa kutoka upande mmoja kwenda mwingine ndio waliokuwa daraja la dini katika nyanda hizi, karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza.

Kisha kuna kazi za mikono. Mbele ya nyumba ya Kipsigis, upande wa mashariki, palisimikwa mabwaita, madhabahu ya familia yaliyotengenezwa kwa matawi ya miti maalumu. Hapo ndipo watu walioana, bibi na bwana harusi wakifungana majani ya segutiet kwenye kifundo cha mkono. Ibada kubwa ya watu wote ilifanyika mahali palipoitwa kapkoros, ikiongozwa na wazee wa kiume wa koo teule, na wageni waliopenda kuandika waliandika hiyo. Mabwaita yalikuwa ya nyumba, na nyumba ilikuwa ya mama: kila mke alikuwa na yake, pamoja na shamba lake na ng'ombe waliotengwa kwa ajili ya watoto wake.

Kwa mwandishi huyu hakuna tendo la kidini lenye uzito kuliko lile la kumpa mtoto jina la kurenet. Mtoto alipozaliwa, wanawake wazima walimzunguka na kuyataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto alipopiga chafya, pengine kwa kusaidiwa na ugoro kidogo, jina lililokuwa mdomoni wakati huo ndilo lililokuwa lake: mzee huyo amerudi. Kazi hiyo ilitaka nini? Ilitaka mtu anayeukariri ukoo mzima, anayejua nani alikufa vizuri na nani asitajwe, na anayeaminiwa na walio hai pamoja na oiik, roho za waliotangulia. Katika dini nyingi za dunia kazi ya kusema nani ni nani mbele ya walimwengu wawili hupewa kuhani. Hapa ilipewa bibi, sakafuni, penye moto.

Huko Ujerumani, Hildegard wa Bingen, aliyezaliwa mwaka 1098 na kufariki mwaka 1179, aliongoza watawa, akatunga nyimbo, akaandika juu ya njozi zake na juu ya mitishamba. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Ulinganisho huu hauletwi ili mwanamke wa Kipsigis apimwe kwa kipimo cha Ulaya. Unaletwa kwa sababu Hildegard alikuwa na ngozi ya kuandikia na makatibu wa kumwandikia, na wenzake wa enzi hiyo waliokuwa na elimu ya miti na roho katika nyanda hizi walikuwa na wajukuu tu.

Haifai kuipamba jamii hii kupita kiasi. Shule ya wasichana, waliofundishwa na wanawake wazima wakiwa wametengwa na watu, ilikuwa na nyimbo, siri na heshima, na ilikuwa na kisu. Ehret anauweka ukeketaji pia katika urithi uliotokana na Wakushi, maana yake ni mila ya kale sana. Ukale hauifanyi njema: imeua na kulemaza wasichana, na Kenya iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Mafunzo yanayoendeshwa na makanisa Kericho na Bomet bila kisu yanathibitisha kwamba elimu ya bibi inaweza kutenganishwa na jeraha.

Ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, kitunchi toloch, ni mfano mwingine wenye pande mbili. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume alitoa mahari, akamwoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na moto wake usizimike. Nyuma yake palikuwa na imani: marehemu asiye na wa kumtaja amekufa mara mbili. Ilimpa mwanamke tasa mamlaka ya mume, kiti cha wazee na haki ya mali. Msichana aliyeolewa hakuulizwa sana. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyoketi Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Wanandi katika shauri la urithi, kwa hiyo jambo hili bado lina mlalamikaji na mlalamikiwa.

Miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho kwa eneo kubwa. Ardhi ilikatwa, vibarua wakapangwa katika nyumba za mistari zilizogusana kuta, na ukuta uliogusana na wa jirani hauna upande wa mashariki wa kusimika mabwaita. Hasara ya ardhi imeandikwa sana. Hasara ya madhabahu ya mama haijapata mwandishi wake. Leo jina Kapkoros linasomeka kwenye kiwanda cha chai cha wakulima wadogo Bomet, na vijana wengi wanaopeleka majani huko wanalijua kama jina la kiwanda.

Mada inapendekeza kwa walimu wa historia na wa dini wa kaunti hizi mbili kazi ya muhula mmoja. Kila mwanafunzi aende kwa bibi mwenye umri wa miaka 75 au zaidi, aombe kwa adabu, arekodi kwa simu majina yote ya Asis anayoyakumbuka, maneno yaliyosemwa wakati wa kurenet, na miti iliyotumika katika mabwaita ya nyumba aliyozaliwa. Jina la bibi liandikwe kwa ridhaa yake, pamoja na ukoo na mahali. Wakati huo huo, shule zilizo karibu na Sotik zipime mashimo yaliyosalia, upana na kina, kabla trekta halijasawazisha mengine kwa ajili ya mahindi. Rekodi hizo ziwekwe katika maktaba za kaunti, katika Kipsigis kwanza, Kiswahili baadaye. Kazi ianze na bibi wa upande wa mama, kwa kuwa yeye ndiye anayesahaulika kwanza katika orodha za ukoo zinazofuata baba.