Pancha Njiani: Kiraka au Utambi?

Kitongoji cha Berea, mjini Durban, Afrika Kusini, kimekaa juu ya kilima kirefu kinachotazama bandari, na barabara zake nyingi ni za miteremko. Mpeleka vyakula majumbani kwa pikipiki akichomwa na msumari huko, kwanza yampasa kujua gurudumu lake ni la aina gani.

Ringi ya spoki kwa kawaida hubeba tyubu, kama ilivyo kwa bodaboda nyingi za Afrika Mashariki. Hapo tairi hufunguliwa, tyubu hukwanguliwa na kupakwa solusheni, na ikishakauka kidogo hubandikwa kiraka. Msumari nao sharti utafutwe na kutolewa; ukibaki ndani ya tairi, utatoboa tena.

Tairi isiyo na tyubu huweza kuzibwa kwa nje: tundu husafishwa, kisha utambi wa mpira uliopakwa gundi husukumizwa ndani. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Utambi ni wa kumfikisha mtu kwa fundi, polepole, ili tairi itiwe kiraka kwa ndani. Hufaa kwa tundu dogo, lisilozidi milimita 6, mahali tairi inapokanyaga barabara.

Ubavuni haufai kamwe. Hapo tairi hujikunja kila inapozunguka, na utambi huweza kuchomoka. Tairi ya mbele ikiishiwa upepo ghafla mteremkoni, usukani haushikiki. Ubavu ukitoboka, basi, pikipiki na ipakiwe garini, hata kama mteja angali anasubiri chakula chake.